Baridi Yabisi: Jina la Maradhi na Historia ya Dawa za Maumivu ya Viungo Kisiwani Unguja

Utangulizi

Mkaazi wa Unguja anayeamka asubuhi magoti yamekaza na vidole havikunjiki huyataja maradhi yake kwa maneno mawili: baridi yabisi. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. La kwanza halihitaji ufafanuzi. La pili maana yake ni kavu, na kwa kupanuliwa, kigumu kisichopindika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 iliyasajili maneno hayo kuwa jina la maradhi ya viungo, na maandishi ya afya yameendelea kuyatumia hivyo hadi sasa.

Majina mengi ya maradhi hayamwambii mgonjwa afanye nini. Surua ni surua na kichocho ni kichocho. Dawa yake lazima iulizwe kwa anayeijua. Baridi yabisi ni tofauti. Jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu: mwili umeingiwa na ubaridi, basi utiwe joto, umekauka, basi utiwe mafuta. Hoja ya insha hii ni kwamba historia ya dawa za viungo Unguja, tangu miaka ya 1870 hadi leo, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kupitia jina hilo kuliko kupitia orodha ya mitishamba. Jina ndilo lililochagua dawa, likaipa karafuu kazi ya pili mbali na ya biashara, likaishi pamoja na hospitali bila ya ugomvi mkubwa, na ndilo leo linalozifungulia mlango dawa za chupa na vidonge vya nyongeza vinavyoletwa kutoka nje. Jina hilohilo limefunika pia maradhi yasiyofanana, mengine ya kuvumilika na mengine ya kuua.

Mwaka wa kidinga pepo

Mwaka 1870 mji wa Unguja ulikuwa haujapumua kutokana na kipindupindu kilichoua maelfu ya watu mwishoni mwa 1869 na mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Ndipo yakaingia maradhi mengine. Haya hayakujaza makaburi, lakini yalimlaza karibu kila mtu. Homa ilimshika mtu ghafla, viungo vikauma kiasi cha kutoweza kusimama, na homa ilipokwisha maumivu yalibaki kwa wiki nyingi, kwa baadhi ya watu hata zaidi. Wenyeji waliyaita kidinga pepo, na wazee wa mji walisema kwamba waliwahi kuyaona zamani, katika mripuko ambao baadaye ulikadiriwa kuwa wa mwaka 1823.

Habari hizi zimehifadhiwa na James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi mjini Unguja wakati huo. Christie anajulikana zaidi kwa kitabu chake cha 1876 kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki, lakini aliandika pia kuhusu kidinga pepo, kwanza katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872, kisha kwa urefu zaidi mwaka 1881. Aliyafuatilia maradhi hayo yalivyopanda vyombo vya biashara hadi Aden mwaka 1871, na kutoka huko hadi Bombay na Calcutta. India yalipewa jina la dengue, na Christie aliamini kwamba jina hilo lilitokana na neno la Kiswahili kidinga. Wanaisimu hawajaafikiana juu ya jambo hilo.

Mwaka 1971 mtafiti D. E. Carey aliyasoma upya maandishi ya Christie na kutoa hoja kwamba maradhi ya 1870 hayakuwa dengue bali chikungunya. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa viungo: katika dengue maumivu hupungua homa inapoisha, lakini katika chikungunya hubaki. Maradhi ya chikungunya yalikuwa yameelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mripuko wa 1952 na 1953 katika Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde kusini mwa Tanganyika, na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa zao mwaka 1955. Jina la chikungunya limetoka katika Kimakonde, nalo hueleza kile kinachomkunja mtu. Hivyo Wamakonde waliyapa maradhi jina kwa umbo la mgonjwa, nao Waunguja kwa kile walichodhani kimemshika. Kihistoria kuna kichekesho kidogo hapa. Katika Kiswahili cha leo kidingapopo ni jina la dengue. Neno lililozaliwa Unguja kwa maradhi ya viungo lilisafiri, likabadilisha mwenyewe, kisha likarudi nyumbani na maana nyingine.

Kwa historia ya tiba, sehemu muhimu ya jina hilo ni neno pepo. Kidinga lilieleza mkakamao wa ghafla wa misuli. Pepo lilitaja mwenye kuuleta. Mtu aliyeshikwa na pepo hutibiwa kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa, au kwa ubani, au kwa ngoma. Mtu aliyeingiwa na baridi huchuliwa kwa mafuta. Hata hivyo neno pepo katika Kiswahili cha zamani lilibeba pia maana ya upepo, na upepo ni jambo la hali ya hewa na mwili kama ulivyo baridi. Mpaka kati ya majina hayo mawili ulikuwa mwembamba, na nyumba moja iliweza kuleta mwalimu wa kombe asubuhi na mchuaji jioni. Tapio Nisula, katika uchunguzi wake wa mwaka 1999 kuhusu tiba mjini Zanzibar, alikuta hali hiyohiyo zaidi ya karne moja baadaye: wagonjwa walipita kutoka tiba moja hadi nyingine bila ya kuona kwamba wamejipinga wenyewe.

Joto na mafuta

Wazo la kwamba mwili una joto, baridi, unyevu na ukavu, na kwamba afya ni mizani ya hayo manne, lilitoka kwa Wayunani. Galen alilipa umbo, wafasiri wa Baghdad wa karne ya 9 wakalileta katika Kiarabu, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akalipanga katika Al-Qanun. Kutoka huko lilienea Oman, Hadhramaut na India, na kwa pepo za kaskazi likafika Unguja. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja na tiba za kwao ambazo nazo zilipima dawa kwa joto na baridi. Kwa hiyo mgonjwa wa Mji Mkongwe aliyemwendea tabibu wa Kiarabu, muuza dawa wa Kihindi au bibi wa mtaani alisikia lugha inayokaribiana.

Katika mpango huo dawa nyingi za jikoni huhesabiwa kuwa za moto: tangawizi, pilipili manga, mdalasini, kitunguu thomu, habasoda na karafuu. Lakini vitu vya moto kwa kawaida pia hukausha, na ukavu ndio nusu ya pili ya maradhi. Hapa inaonekana akili iliyomo ndani ya jina. Tangawizi peke yake ingeondoa baridi ikaongeza yabisi. Ndiyo maana dawa za viungo za Unguja kwa kawaida hazipewi kavu. Habasoda husagwa ikachanganywa na asali. Thomu hukaangwa katika mafuta ya nazi au ya ufuta hadi mafuta yashike harufu, kisha mafuta hayo yakapakwa yangali na uvuguvugu. Uwatu huloweshwa ukavimba na kuwa kama ute kabla ya kunywewa au kubandikwa. Mtazamaji wa nje huona mchanganyiko wa kubahatisha, ilhali kanuni yake ni moja: kipashe moto, kisha kilainishe.

Karafuu inastahili kuzungumzwa peke yake. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa kawaida sifa hiyo hupewa Saleh bin Haramil al-Abry. Tufani ya Aprili 1872, miaka miwili tu baada ya kidinga pepo, iliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, na uzito wa kilimo hicho ukahamia Pemba. Historia ya zao hili imeandikwa kwa wingi kama historia ya utumwa, ushuru na bei. Kwa upande wa dawa imeandikwa kidogo mno, pengine kwa sababu karafuu iliyotiwa katika chupa ya mafuta ya kuchulia haikupita forodhani. Mafuta yanayotokana na karafuu na makonyo yake yana eujenoli kwa wingi, kemikali inayotia ganzi kidogo na kuifanya ngozi ihisi joto. Madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu. Wauza mafuta wa Darajani huuza chupa ndogo za mafuta ya karafuu kwa ajili ya meno, misuli na magoti, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hukamua mafuta ya makonyo katika kiwanda chake cha Wawi, Pemba. Kikopo cha Tiger Balm, dawa ya kuchua iliyosambazwa duniani na ndugu wa ukoo wa Aw kutoka Rangoon na Singapore, nacho kina mafuta ya karafuu ndani yake. Mzee wa Unguja anayekinunua dukani hununua, pamoja na kafuri na menthol, kitu kilichomo pia katika shamba la jirani yake.

Kando ya dawa kulikuwa na mikono. Kuchua, kukanda kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kujifukiza kwa mvuke wa majani, na kuumika kwa chuku vyote vililenga viungo. Kuumika kulififia katika baadhi ya mitaa, kisha kukarudi kwa nguvu katika miongo ya karibuni kwa jina la hijama, kukiegemezwa zaidi kwenye sunna kuliko kwenye Ibn Sina. W. H. Ingrams, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, alitenga kurasa nyingi za kitabu chake cha 1931 kwa uganga wa Unguja na Pemba. Jicho lake lilivutwa zaidi na hirizi na mashetani. Mwanamke anayemchua mama mkwe wake kwa mafuta kila jioni si habari ya kusisimua, naye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya tiba ya viungo kisiwani.

Mtondoo wa Jozani

Kilomita zipatazo 35 kusini-mashariki ya Mji Mkongwe ipo Jozani, msitu unaosimama mahali ambapo udongo mzito wa magharibi unakutana na ardhi ya mawe ya mashariki. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi, na wakati wa masika sehemu za msitu hufurika. Miti inayotawala katika maji hayo ni mitondoo, pamoja na michikichi na mikadi. Mtondoo, ambao wataalamu wa mimea huuita Calophyllum inophyllum, huota pia kwenye fukwe za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hutoa mbao nzuri za vyombo vya bahari, na tunda lake la mviringo, tondoo, lina kokwa yenye mafuta. Mti huu umo katika kitabu cha R. O. Williams cha 1949 kuhusu mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba.

Kokwa mbichi ya tondoo haina mafuta mengi. Huanikwa juani kwa wiki kadhaa mpaka igeuke rangi ya kahawia na kuanza kunata. Hapo tu hukamuliwa, ikatoa mafuta mazito ya kijani yenye harufu kali. Mafuta hayo si ya kula. Sri Lanka huitwa domba, Tahiti huitwa tamanu, na katika nchi zote mbili, kama ilivyo India, yamepakwa kwenye viungo vinavyouma kwa vizazi vingi. Kwa watu wa mwambao wa bahari hii moja, mti uleule umejibiwa kwa namna ileile. Mwaka 1980 watafiti wa India waliripoti kwamba kalofilolaidi, kemikali inayopatikana katika kokwa hiyo, ilipunguza uvimbe katika wanyama wa maabara. Matokeo ya panya hayatoshi kuwa uthibitisho kwa binadamu, na majaribio makubwa ya kitabibu kuhusu mafuta haya na viungo hayakufuatia. Lakini taarifa hiyo inaonyesha kwamba mafuta ya tondoo hayakuwa mafuta ya kulainishia tu. Huenda yalibeba kitu kinachofanya kazi.

Vijiji vinavyouzunguka msitu huo, Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na, kaskazini zaidi, Chwaka, vina sababu maalumu ya kujali viungo. Kazi za huko ni za kuinama na za maji. Wanawake wamefukia makumbi ya nazi katika tope la bahari kwa miezi, wakayafukua na kuyapiga kwa magongo ili kupata usumba. Wameokota chaza na kuwinda pweza maji yakiwa yamepwa. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani na kuenea pwani yote ya mashariki, maelfu yao wamekuwa wakisimama ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi, wameinama kufunga kamba, kisha wakabeba magunia yenye mwani mbichi hadi nchi kavu. Utafiti wa Sara Fröcklin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliorodhesha maumivu ya misuli na viungo miongoni mwa malalamiko makuu ya wakulima hao. Kwa mwanamke wa mwani, baridi yabisi si istilahi ya kitabu. Baridi ameisimamia kwa miguu yake mwenyewe, na mwili unaokaza usiku humthibitishia kwamba jina ni la kweli. Daktari anayemwambia kwamba baridi haisababishi maradhi ya viungo ana kazi ngumu, kwani anapingana na neno na uzoefu kwa pamoja. Daktari huyo yuko sahihi kuhusu chanzo. Mwanamke naye yuko sahihi kwamba kazi yake ndiyo inayomuumiza.

Msitu wenyewe haukubaki wazi. Katika miaka ya 1930 ulikuwa ukipasuliwa mbao kibiashara, mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaingia mikononi mwa Idara ya Misitu, na mwaka 1960 ukawa hifadhi rasmi. Kuanzia mwaka 1995 serikali ya Zanzibar na shirika la CARE zilianzisha mpango wa hifadhi uliozihusisha jamii za vijiji jirani. Mwaka 2004 eneo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2016 likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za baioanuwai. Hatua hizi zimemnusuru kima punju, ambaye hapatikani porini popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar, na hakuna sababu ya kuzijutia. Lakini zimebadilisha uhusiano wa mtu na mtondoo. Dawa inayohitaji kuokotwa, kuanikwa kwa wiki na kukamuliwa kwa mkono huhitaji msitu ambao mtu anauingia bila ya kuomba ruhusa. Leo mgeni anayepita njia ya watalii huonyeshwa miti na kusimuliwa ule ulitibu nini na huu nini. Maarifa yanayosemwa kwa dakika tano mbele ya kamera si sawa na yale yanayofanyiwa kazi jikoni, hata kama maneno ni yaleyale. Kinachopotea ni vipimo: kokwa ikauke kiasi gani, mafuta yachanganywe na nini, na nani asipakwe.

Hospitali na jina la zamani

Tiba ya Kizungu ilipoingia Unguja haikukuta nafasi tupu, wala haikuijaza yote. Jengo la zahanati lililoanzishwa na Tharia Topan kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria lilikamilika mwaka 1894, baada ya mwenyewe kufariki, na hatimaye likawa zahanati ya hisani yenye duka la dawa chini. Wamisionari wa UMCA walikuwa na hospitali Mkunazini. Baadaye Mnazi Mmoja ikawa hospitali kuu, ikaitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha ikarudishiwa jina lake. Mwaka huohuo wa 1964 madaktari wa kwanza kutoka China waliwasili, na jimbo la Jiangsu limeendelea kuleta timu za madaktari hadi leo.

Kwa viungo, hospitali ilileta aspirini na ndugu zake. Vidonge hivyo vilikubaliwa haraka, na sababu yake si ngumu kuiona: vilipunguza maumivu bila ya kulipinga jina. Mgonjwa alimeza kidonge na kuendelea kuchuliwa. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua.

Dawa za chupa

Biashara ilipolegezwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zilijaa madukani, na miongoni mwake zikaja dawa. Zikafunguka duka baada ya duka la dawa za Kisunna, zikiuza mafuta ya habasoda, mafuta ya zaituni, kusti na asali za nchi mbalimbali. Baadaye vikafuata vidonge vya nyongeza: glukosamini, kondroitini, kurkumini inayotolewa katika manjano, na michanganyiko ya majina marefu inayoahidi kujenga upya gegedu iliyosagika. Wanunuzi si watu wasiojua. Wengi wamekwishakunywa diklofenaki kwa miaka, tumbo likaanza kuwaka, wakaambiwa waache, na magoti bado yanauma. Wanatafuta kitu kisichoumiza tumbo, na hilo ni ombi la haki.

Ushahidi kuhusu bidhaa hizi hauko sawa. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wagonjwa 1,583 wa maradhi ya goti, na kuchapishwa mwaka 2006, lilikuta kwamba kwa wagonjwa wote kwa jumla glukosamini na kondroitini hazikushinda kidonge kisicho na dawa. Manjano yana hali nzuri kidogo: majaribio kadhaa madogo yameonyesha nafuu katika goti, lakini kurkumini hupenya kwa shida kutoka utumbo kwenda katika damu, na kijiko cha manjano ndani ya mchuzi ni mbali sana na kipimo kilichotumika katika majaribio hayo. Bidhaa hizi hasara yake mara nyingi ni ya mfuko.

Hatari kubwa iko kwingine. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa maonyo kadhaa kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama nyongeza ya mitishamba kwa ajili ya viungo. Uchunguzi wa maabara ulikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kifungashio. Deksamethasoni ni steroidi yenye nguvu. Mgonjwa anayeinywa bila ya kujua hupata nafuu ndani ya siku chache, na hapo huiamini dawa yake kuliko nyingine zote. Baada ya miezi uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na tezi za mwili zinazotengeneza homoni kama hiyo husahau kazi yake. Akiacha ghafla anaweza kuzimia au kufa. Mtindo huo wa kuficha dawa za viwandani ndani ya mitishamba ya viungo umegunduliwa katika nchi nyingi za Asia na Amerika kwa miongo kadhaa.

Hapa kipimo cha zamani kinamsaliti mtumiaji. Katika lugha ya joto na baridi, dawa hujulikana kwa athari inayohisiwa: mwili ukipata joto na kulainika, dawa imepata maradhi. Deksamethasoni hufaulu mtihani huo kuliko tangawizi yoyote. Nafuu ya haraka, ambayo kwa mfamasia ni dalili ya kutilia shaka, kwa mnunuzi ni ushahidi wa nguvu ya mmea. Tanzania Bara ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na Zanzibar ikawa na yake mwaka 2008. Usajili wa chakula na dawa Zanzibar una wakala wake. Sheria hizi zina maana, lakini husimama juu ya lebo na kibali. Unga uliofungwa katika karatasi na kuuzwa kwa jina la muuzaji hauna lebo ya kukaguliwa, na mnunuzi hana njia ya kuonja steroidi.

Mtoto mwenye baridi yabisi

Kasoro nyingine ya jina ni ya zamani zaidi kuliko chupa yoyote. Baridi yabisi humjumuisha bibi ambaye gegedu ya goti imesagika kwa umri, mama ambaye kinga ya mwili wake inashambulia viungo vya vidole, mzee mwenye jongo aliyekula nyama na kuamka kidole gumba kimewaka, na mtoto wa miaka minane ambaye kifundo cha mguu kimevimba leo na goti kesho. Kwa watatu wa kwanza, mafuta ya moto hayadhuru na huenda yakafariji, ingawa wa pili anahitaji daktari mapema kabla ya vidole kupinda. Kwa wa nne, siku zinazopotea katika kuchuliwa zinaweza kuwa ndizo siku zake.

Maradhi ya mtoto huyo huitwa, kwa Kiswahili cha hospitali, homa ya baridi yabisi. Huanza na koo: bakteria wa jamii ya streptokokasi humuumiza koo, hupona, na wiki mbili au tatu baadaye viungo huvimba kimoja baada ya kingine. Viungo hivyo hupona vyenyewe bila ya kuacha alama. Moyo ndio hubaki na alama. Vali zake hukaza au kuvuja, na kila koo jipya linaloumwa huongeza uharibifu, mpaka kijana wa miaka 20 anashindwa kupanda ngazi. Kinga yake inajulikana tangu katikati ya karne ya 20: sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Ni dawa ya bei ndogo. Hata hivyo maradhi ya moyo yatokanayo na homa hiyo bado yapo miongoni mwa vijana wa Tanzania, na baadhi yao hufika hospitali wakati ambapo kinachobaki ni upasuaji.

Lugha yenyewe ina sehemu katika kuchelewa huko. Wafasiri wa maandishi ya afya walipotafuta neno la Kiswahili kwa ajili ya homa hiyo, walichukua jina lililokuwapo, na kwa kufanya hivyo wakaiweka katika kapu moja na magoti ya bibi. Maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo, ambayo kwa daktari ni dalili maalumu ya kumfanya asikilize moyo, katika fikra za zamani ndiyo tabia ya upepo. Mama anayempaka mwanawe mafuta ya karafuu anafanya kile ambacho jina limemwambia afanye, na siku ya tano uvimbe unapopungua, kama ambavyo ungepungua bila ya mafuta, jina linaonekana limesema kweli. Mtoto mwenye selimundu, ambaye mifupa na viungo huuma kwa sababu chembe za damu zimeziba mishipa midogo, hupita mara nyingi katika mlango huohuo wa baridi yabisi.

Ni kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba tiba ya joto na mafuta ndiyo adui. Mafuta ya tondoo yalipakwa juu ya ngozi, katika kiungo kinachoonekana, na mtu anayemjua mgonjwa. Hayakudai kujenga gegedu. Maumivu ya viungo pia yana sehemu ambayo hospitali haijaipatia dawa, nayo ni ileile iliyowalaza watu wa Unguja mwaka 1870. Hadi leo hakuna dawa inayoua kirusi cha chikungunya ndani ya mwili wa mgonjwa. Hupewa parasetamoli, huambiwa apumzike na anywe maji kwa wingi, na huelezwa kwamba viungo vinaweza kuendelea kuuma kwa miezi. Jioni, nyumbani, thomu hutiwa katika mafuta juu ya jiko, na magoti yake huchuliwa yangali na uvuguvugu.